Kishungi Hatagi

"Paukwa, nyie mliokaa!"
"Pakawa, wewe unayesimulia!"
"Mmekaa?"
"Tumekaa!"
"Mmekalia nini?"
"Hatujaangalia!"
"Basi msiangalie. Sikilizeni kwanza."

Mwaka sina, kwa kuwa miaka ilikuwa bado haijaanza kuhesabiwa. Siku ninayo: ilikuwa Jumatano. Saa ninayo pia: saa moja na robo asubuhi, umande ungali kwenye majani ya mihogo, Bwana Nyegere alipoingiza mkono kwenye kiota cha kuku wake.

Papasa, papasa. Patupu.

Akaingiza mkono wa pili. Papasa, papasa. Patupu. Akaingiza kichwa kizima, akanusa, akapiga chafya, akatoka na majani makavu puani.

"Kishungi!"

"Abee, bwana."

"Yai liko wapi?"

"Hakuna yai, bwana."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna hivyo hivyo ulivyopapasa."

Bwana Nyegere alikuwa mnyama mfupi mwenye makucha marefu, mweusi tumboni, mweupe mgongoni kama aliyemwagiwa unga. Hakuogopa nyuki, hakuogopa nyoka, hata simba alimpita njiani bila kumsalimu. Kitu kimoja tu alikiogopa, nacho ni njaa, na njaa yenyewe haikuwahi kulala kwake hata siku moja.

Kishungi alikuwa kuku mdogo wa kienyeji, mwekundu, mwenye kishungi kilichoinamia jicho la kushoto. Alikuwa kuku wa wasiwasi. Akiokota punje, aliigeuza kwanza. Akinywa maji, alitazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena. Siku alipohamia uani kwa Nyegere alitaka masharti yasemwe mara mbili, naye akayarudia ya tatu ili pasiwe na ubishi. Yalikuwa hivi: Nyegere angelinda ua, mwewe na kicheche wasisogee. Kishungi angetaga kiotani, na mayai yangekuwa ya Nyegere. Yote isipokuwa moja. Moja hubaki kiotani siku zote, kama anavyojua kila anayefuga kuku, ili kuku akirudi alione na kujua kwamba pale bado ni kwake.

Na Jumanne jioni, kabla ya Jumatano hiyo, Nyegere alikuwa amekula hata hilo moja.

Kishungi alisimama mlangoni pa banda akamwona akilamba vidole. Hakupiga kelele. Ila alihesabu kuku wa rika lake, wote wameshakuwa mama, wengine bibi, na yeye hajawahi kusikia kifaranga hata mmoja akimwita. Ndipo akasema moyoni: sitagi tena hapa.

Nyegere hakuyajua hayo. Alimshika kuku wake akamkagua. Akamfunua jicho: jeupe, safi. Akatazama upanga wa kichwani: mwekundu kama pilipili iliyoiva. Akafunua manyoya ya chini ya bawa kutafuta utitiri: hakuna. Akatazama hata alipojisaidia kuku, akarudi na uso uliokunjamana.

"Mzima huyu," akasema. "Mzima kuliko mimi. Kwa nini hutagi?"

"Ko, ko, ko," akasema Kishungi. "Ni chakula, bwana. Unanipa pumba tupu. Pumba ikiingia, nini kitoke?"

"Unataka nini?"

"Mahindi. Na mchwa, wale wanono. Na maganda ya mayai uliyoyala, uyasage laini uyachanganye humo. Ganda hutengenezwa kwa ganda."

Nyegere akaenda. Akaleta mahindi. Akachimba kichuguu, chimba chimba, akaleta mchwa. Akakaa chini akasaga maganda, saga saga, jasho likimtiririka. Kishungi akala akashiba, manyoya yakang'aa. Asubuhi Nyegere akaingiza mkono.

Papasa, papasa. Patupu.

"Kishungi! Umekula. Kwa nini hutagi?"

"Ko, ko, ko. Ni mwili, bwana, unaniwasha. Kuku asiyeoga hatagi. Nichimbie shimo, unijazie majivu laini, mahali penye jua la asubuhi."

Nyegere akaenda. Akachimba shimo, chimba chimba. Akazoa majivu jikoni, zoa zoa, mgongo wake mweupe ukawa wa kijivu. Kishungi akaingia, akajirusha, akajifukia, akafumba macho. Asubuhi Nyegere akaingiza mkono.

Papasa, papasa. Patupu.

Sasa ninyi mnaniuliza mayai yalikuwa wapi. Yalikuwa kichakani, nyuma ya mihogo, chini ya majani ya boga. Kuku anayekula mahindi na mchwa na maganda na kuoga majivu hutaga sana, hana namna. Kishungi alikuwa akijipenyeza huko kila jua linapokaribia utosini, wakati Nyegere anakoroma. Akataga, akafunika, akarudi kwa njia nyingine. Yakafika tisa.

Siku iliyofuata alikwenda akayakuta manane. Pembeni palikuwa na ganda lililopasuliwa, na juu ya mavumbi mburuzo wa mkia mrefu. Kenge.

Kishungi alizunguka kile kichaka mara nyingi asizoweza kuzikumbuka. Akiyaatamia hapa, Kenge atamla na mayai yake. Akiyaatamia bandani, Nyegere atamwona amelalia, atamwinua, na habari itakuwa imekwisha. Anahitaji joto, na anahitaji mlinzi ambaye Kenge hawezi kumsogelea. Akafikiri ni nani hapa duniani ambaye Kenge hamsogelei. Akafikiri tena. Kishungi chake kikasimama wima.

Jioni hiyo Nyegere alipoondoka kwenda kutafuta asali, kuku alikwenda kichakani akayaviringisha mayai kwa mdomo na kifua, moja moja, taratibu, mpaka bandani. Akayapanga chini kabisa ya kiota, akayatandikia majani makavu juu yake. Alikuwa analeta la mwisho aliposikia nyuma yake:

"Ala! Mayai!"

Ni Mbwembwe, jogoo wa pale uani. Alikuwa na mkia wa rangi saba na kifua kipana, na tangu azaliwe hakuwahi kuwa na neno likakaa ndani ya hicho kifua mpaka kesho.

"Nyamaza," akasema Kishungi.

"Ya nani haya?"

"Ya nani unadhani? Kuna jogoo mwingine hapa?"

"Yangu?" Mbwembwe akavimba mpaka shingo ikapotea. "Yote? Aisee, lazima niwike."

"Wika. Ukiwika, mimi ni supu. Na unamjua Nyegere, supu moja haimtoshi. Atatafuta nyama ya pili, na nyama ya pili hapa uani ina mkia wa rangi saba."

Mbwembwe akautazama mkia wake. Akafunga mdomo.

Asubuhi Nyegere alirudi, asali midomoni, akaenda moja kwa moja bandani. Kishungi alikuwa amemsubiri mlangoni.

"Usiingize mkono, bwana! Nimeshajua tatizo."

"Ulishajua la chakula. Ukajua la majivu."

"Hayo yalikuwa matatizo madogo. Hili ndilo kubwa. Kiota kimepoa. Nikuulize wewe: asubuhi ya baridi, uko kitandani pako pa moto, ungetoka ukaingie kisimani?"

"Nisingetoka."

"Basi na yai halitoki. Lipo kwenye joto humu ndani yangu, linachungulia kiota, linaona baridi, linarudi. Kiota kinataka kutiwa joto na tumbo kubwa, lenye damu nyingi. Langu dogo."

Nyegere akalitazama tumbo lake. Lilikuwa kubwa kweli, na hakuna aliyewahi kulisifu.

"Mimi mchana nalala tu," akasema.

"Basi uwe unalala hapa. Ila sikiliza vizuri, nitasema mara moja." Akasema mara tatu. "Lala kwa viwiko na magoti, tumbo liguse majani tu, lisikandamize. Usijirushe. Usipapase, ukipapasa joto linakimbia. Usiku nenda kwenye asali yako, mimi nitakishikilia kiota."

"Mpaka lini?"

"Majuma matatu."

"Kwa nini matatu?"

"Joto la kiota huchelewa kukolea, bwana."

Nyegere akamsogezea uso karibu, akamwonyesha meno yote. "Majuma matatu. Siku ya mwisho nabandika sufuria asubuhi, maji yachemke. Nikiona yai, nachemsha yai. Nisipoona yai, nakuchemsha wewe. Nimesema mara moja."

Na Kishungi hakuomba arudie.

Basi wakakaa hivyo. Mchana Nyegere alilala kiotani kwa viwiko na magoti, akikoroma khoro, khoro, na harufu yake ikafika mpaka kisimani. Kenge alikuja siku moja, akafika kwenye uchochoro wa mihogo, akainusa ile harufu, akageuka. Kule kichakani aliendelea kukuta yai jipya mara kwa mara, kwa sababu Kishungi hakuacha kutaga. Aliyaacha huko yawe ya Kenge, ili asiwe na shida ya kusogea zaidi.

Kila Nyegere alipoamka kwenda haja, Kishungi aliingia mbio. "Nakutandikia, bwana!" Akafunua majani, akageuza mayai, upande huu, upande ule, akafunika. Nyegere alirudi akakuta kitanda kimenyooshwa, akasema, "Hujatandika vibaya," akalala tena. Usiku kuku mwenyewe alilalia. Alilala jicho moja wazi, akisikiliza.

Aliyempa taabu ni Mbwembwe. Kila alfajiri alipanda juu ya banda na ile habari imemjaa mpaka kooni.

"Kokorikoo! Kumekucha! Na chini ya Nyegere kuna—"

Kodo! Kishungi akamdonoa mguu.

"—kuna ardhi! Kokorikoo!"

"Huyu jogoo ana nini siku hizi?" Nyegere akauliza, nusu usingizini.

"Umri, bwana."

Majuma yakapita, la kwanza, la pili. Katikati ya la tatu Kishungi aliacha kula vizuri. Akiweka kichwa juu ya majani usiku alisikia kitu kikigonga ndani ya ganda, tok, kikinyamaza, tok. Alifurahi, kisha akaikumbuka sufuria. Vifaranga wakitoka, Nyegere atajua. Akijua, maji yatakuwa yanachemka tayari, na vifaranga wanane ni kitoweo pia. Kuwaangua ilikuwa nusu tu ya kazi.

Jioni ya kuamkia siku ya mwisho, alikwenda kisimani. Pale walikuwa wameketi kina Bi Kanga, wanawake wenye madoadoa, wasemaji, watu wa kila msiba na kila harusi. Hakuna mtoto aliyezaliwa bonde lile Bi Kanga asifike na sufuria ya uji.

"Shoga," Kishungi akamwambia, "kesho asubuhi kwetu kutakuwa na mzazi."

"Weeee! Mzazi? Nani?"

"Mzazi hatajwi kabla hajajifungua."

"Kweli kabisa, tusije tukamtia jicho. Uji nije nao?"

"Wa pilipili manga. Na uwe mwingi. Mzazi mwenyewe ana mwili."

Siku ya mwisho Nyegere alirudi mapema kutoka kwenye asali. Akapanga mafiga matatu, akawasha moto, akabandika sufuria, akamimina maji. Kisha akaenda kiotani kulala kidogo, maji yakisubiriwa. Kishungi alisimama karibu na moto akiyasikiliza: kwanza kimya, halafu ssss, halafu gudu, gudu, gudu.

"Kishungi," Nyegere akaita kutoka bandani.

"Abee."

"Tumbo langu linalia."

"Ni njaa, bwana."

"Linalia kwi, kwi. Njaa yangu hailii hivyo."

"Huenda ni gesi."

"Sasa linanidonoa!"

Nyegere akainuka ghafla. Kwenye manyoya ya tumbo lake alikuwa ananing'inia kifaranga wa manjano, bado mbichi, mwenye ganda kichwani kama kofia. Chini, majani yakafumuka: wa pili, wa tatu, na wengine wakijisukuma. Wakamtazama. Walikuwa wamezaliwa dakika ile na hawakuwa wameona uso mwingine wowote duniani.

"Piyo!" wakasema. "Piyo, piyo, piyo!" Wakamkimbilia miguuni.

Nyegere akatazama maganda. Akatazama vifaranga. Akili ilimfikia polepole, kama mgeni anayepanda mlima.

"Mayai," akasema. "Yalikuwa chini yangu." Sauti ikapanda. "Siku zote hizi! Nimeyalalia! Mimi!" Akaruka nje, vifaranga wanane nyuma yake, akamkamata Kishungi shingoni. "Utaingia mzima mzima, na manyoya yako!"

Gudu, gudu, gudu, ikasema sufuria.

Shingo ya Kishungi ilikuwa mkononi mwa Nyegere. Alitazama juu, akatazama chini, akatazama uchochoro wa mihogo. Uchochoro ulikuwa mtupu. Moyo wake ukasema: nimekosea saa.

Ndipo vigelegele vikapasua hewa.

"Lilililili! Hodi! Hodi kwa mzazi!"

Bi Kanga akaingia uani na wenzake sita nyuma yake, sufuria kubwa kichwani, moshi wa pilipili manga ukipepea. Akasimama. Akamwona Nyegere. Akaona vifaranga wanane wamejipanga kwenye miguu ya Nyegere, mmoja anapanda goti.

"Yarabi," akasema. "Ni wewe!"

"Mimi nini?" Nyegere akauliza.

"Nani aliwaatamia hawa?"

Kila mmoja akatazama banda, na alama ya tumbo kubwa iliyobaki kwenye majani. Mbwembwe, aliyekuwa juu ya paa, hakuweza kujizuia zaidi.

"Kokorikoo! Ni yeye! Majuma matatu! Kwa viwiko na magoti!"

Safari hii hakuna aliyemdonoa.

"Aliyeatamia ndiye mzazi," Bi Kanga akatangaza, "ndivyo ilivyo tangu kuku waanze kuangua mayai ya bata. Hongera, mama! Umejifungua salama? Na hebu, unafanya nini jikoni? Nani kamwacha mzazi kusimama kwenye moto? Mzazi hashiki sufuria mpaka arubaini yake iishe! Hachinji, hapiki, hachoti maji! Mwachie huyo kuku, ndiye wa kukusaidia kulea. Unataka yakupate ya kukupata?"

Kabla Nyegere hajajibu, wanawake wawili walikuwa wameshatoa sufuria kwenye mafiga na kumwaga maji, shwaaa, na wengine wawili wamemshika mabega kumrudisha bandani. Nyegere aliyempita simba bila salamu hakujua afanye nini na wanawake saba wanaomwita mama. Mkono ukalegea. Kishungi akaanguka chini, akajikung'uta.

"Sitaki kuwa mzazi!" Nyegere akanguruma. "Nataka supu!"

"Kunywa uji kwanza, mama, ndipo useme."

Akapewa bakuli. Akanywa kwa hasira. Akalamba ukingo wa bakuli.

"Umetiwa nini humu?"

"Pilipili manga, samli, na sukari ya kutosha."

"Upo mwingine?"

"Wa leo huo. Na kesho tunaleta."

Nyegere akashusha bakuli. "Kesho pia?"

"Kesho, na keshokutwa, mpaka arubaini. Ni desturi. Mzazi analala, uji unamfuata."

Bwana Nyegere akafikiri. Lilikuwa jambo la kuliona kwa macho, akifikiri. Kisha akajiinamisha, akajishusha kiotani kwa viwiko na magoti, na vifaranga wanane wakajizamisha tumboni mwake, kwi, kwi, wakalala.

"Bakuli liachwe karibu," akasema.

Na hapo hadithi yangu imeangua. Maganda zoeni ninyi, kifaranga nampeleka kwangu.

Na funzo lake, watoto, ni hili: msiwadanganye wakubwa. Mwenye uongo hana raha. Mtazameni Kishungi, alidanganya kuhusu chakula akalishwa mahindi, akadanganya kuhusu mwili akachimbiwa majivu, akadanganya kuhusu kiota akapata watoto wanane na mlezi. Je, hayo ni maisha?

"Mmekaa?"
"Bado tumekaa!"
"Inukeni basi mwangalie mlichokalia."
"Hatuinuki! Asubuhi yake ilikuwaje?"

Asubuhi yake, ilikuwa kabla ya uji kufika, Kishungi aliingia bandani, akajibana pembeni mwa yule mzazi, akataga yai moja, jeupe, la moto. Akatoka akatetea kwa sauti yote aliyokuwa ameibana kutwa na kucha: ko-ko-ko-koooda!

Nyegere akanyoosha mkono bila kufumbua macho. Papasa, papasa. Pana yai.

Akalishika. Akalinusa. Akalisogeza mdomoni, na watoto wanane wakatoa vichwa kwenye manyoya kumtazama. Kisha akalirudisha kiotani, mahali pale pale pa lile moja la siku zote, akalifunika na tumbo, akasubiri bakuli lake.

Kishungi alitazama juu. Akatazama chini. Hakutazama juu tena. Alikwenda kwenye shimo lake la majivu, jua lilikuwa limeshafika, akajirusha humo, akajifukia mpaka shingoni, akafumba macho yote mawili.